Jina la Meta Litasafishwa Milimani

Mwanzoni mwa Septemba 2016 Mark Zuckerberg aliketi kwenye mkahawa wa Mama Oliech jijini Nairobi akala ugali na samaki mzima wa kukaanga. Aliandika mwenyewe kwenye ukurasa wake kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuonja chakula hicho, na picha zile zikazunguka Kenya nzima. Alikuwa ametokea Lagos. Hapo Nairobi alikutana na vijana wa kituo cha iHub wanaotengeneza programu za simu, akataka kujua habari za kutuma pesa kwa simu. Kwa macho ya mtu wa uhusiano wa umma, ziara ile haikuwa na dosari: bosi kijana, hana makuu, anakula tunachokula.

Mei 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi ya kuchuja machapisho ya Facebook hapohapo Nairobi, aliishtaki kampuni hiyo katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Desemba mwaka huohuo mtoto wa profesa aliyeuawa Ethiopia akafungua kesi nyingine Mahakama Kuu. Machi 2023 kundi la wachujaji, ambalo baadaye lilifikia watu 184, likafungua ya tatu. Leo ukiitaja Meta, jina ambalo Facebook ilijipa Oktoba 2021, mbele ya mwanasheria au mwanahabari wa Nairobi, kinachomjia kwanza ni kesi hizo.

Sisi tunaofanya kazi ya mawasiliano ya makampuni tunaulizwa swali hili kila mara: kampuni kubwa ya teknolojia ikishachafuka jina, ifanye nini? Wengi wetu tumezoea kujibu kwa orodha ya kampeni, ufadhili wa mashindano ya vijana, mahojiano ya bosi na makala za kulipia. Mimi naamini jibu ni moja, nalo ni gumu. Kampuni ilipe gharama ambayo ingeweza kuikwepa. Watu hawapimi maneno ya kampuni, kwa sababu wanajua maneno yanalipiwa. Wanapima kile ambacho kampuni imekubali kupoteza kabla ya kulazimishwa na mtu.

Mfano unaofundishwa katika kila darasa la uhusiano wa umma ni wa mwaka 1982. Watu saba wa eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi. Uchunguzi ulielekeza kwamba sumu ilitiwa dukani wala si kiwandani, kwa hiyo Johnson & Johnson ilikuwa na pa kujificha. Haikujificha. Iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100 za wakati ule, kisha ikarudi na vifungashio ambavyo mtu hawezi kuvifungua bila kuacha alama. Wanunuzi walirudi. Miaka mingi baadaye kampuni hiyohiyo imeandamwa na maelfu ya kesi za poda ya watoto, na uaminifu uliojengwa 1982 haukuikinga. Uaminifu hauwekwi akiba milele.

Kwa upande wa teknolojia, mfano wangu ni Microsoft. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na kampuni ya kompyuta iliyochukiwa kama ile. Serikali ya Marekani iliishtaki mwaka 1998 kwa kutumia ukiritimba wake kuwabana washindani, na mwaka 2000 jaji akaamuru ivunjwe vipande viwili, amri iliyotenguliwa kwenye rufaa. Mwaka 2001 virusi vya Code Red na Nimda vikapita kwenye programu zake kama vinapita uwanja wazi. Mwaka huohuo mkurugenzi wake mkuu, Steve Ballmer, aliufananisha mfumo huria wa Linux na saratani.

Mambo mawili yalibadili hali hiyo, na yote mawili yalikuwa na bei. La kwanza ni waraka wa Bill Gates wa Januari 15, 2002. Aliwaagiza wafanyakazi wake kwamba pale wanapolazimika kuchagua kati ya kuongeza kipengele kipya na kurekebisha usalama, wachague usalama. Kilichonigusa ni kilichofuata. Mwezi uliofuata kampuni ilisimamisha uandishi wa Windows, ikawaweka maelfu ya waandishi wa programu darasani kujifunza usalama, kisha ikawarudisha kuipitia kazi yao wenyewe kutafuta matundu. Kampuni iliyokuwa ikiishi kwa kutoa toleo jipya ilikubali kuchelewa. Kuanzia Oktoba 2003 ikawa inatoa marekebisho ya usalama kila mwezi, siku inayojulikana, ili wasimamizi wa kompyuta wa benki na hospitali wajipange.

La pili lilikuja baada ya Satya Nadella kushika uongozi mwaka 2014. Oktoba 2018 Microsoft ilijiunga na mtandao wa makampuni yanayokubaliana kutoshtakiana juu ya Linux, ikafungua hataza zake zipatazo 60,000. Hataza hizo zilikuwa silaha, na kampuni ilikuwa imewahi kuzitumia kudai fedha kwa makampuni ya simu. Iliziweka chini kwa hiari. Waandishi wa programu huria, watu wagumu kuliko wote kuwaridhisha, wakaanza kuizungumzia kwa namna nyingine. Sisemi Microsoft ya leo haina makosa. Ila mtu aliyeijua ya mwaka 1999 anajua kwamba jina lake halikupona kwa sababu ya kampeni ya matangazo.

Sasa turudi kwa Meta, na tuitazame njia iliyoichagua.

Machi 2018 ilifichuka kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook, hadi milioni 87 kwa hesabu ya kampuni yenyewe, zilifika mikononi mwa kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza faini ya dola bilioni 5. Lakini hata kabla ya faini hiyo, Novemba 2018, gazeti la New York Times lilieleza jinsi Facebook ilivyoikodi kampuni ya ushawishi iitwayo Definers kuwachafua wakosoaji wake. Septemba 2021 gazeti hilohilo likaripoti mpango wa ndani wa kuwaonyesha watumiaji habari nzuri kuhusu Facebook kwenye kurasa zao. Mwezi uliofuata Frances Haugen, mfanyakazi wa zamani, alitoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani akiwa na maelfu ya kurasa za nyaraka za ndani. Kabla ya Oktoba kwisha, kampuni ikabadili jina.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila hatua kati ya hizo iligharimu fedha, na hakuna hata moja iliyogharimu kitu ambacho kampuni ilikuwa inakithamini. Jina jipya halikumpunguzia mchujaji wa Nairobi hata video moja.

Nyaraka za Haugen zilikuwa na takwimu ambayo ilipaswa kutushtua Afrika Mashariki kuliko Marekani. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, asilimia 87 ya bajeti ya muda wa kutambua upotoshaji ilitengwa kwa ajili ya Marekani, na asilimia 13 kwa dunia nzima iliyobaki, ilhali watumiaji wa Amerika Kaskazini walikuwa kama asilimia 10 tu ya wanaoingia Facebook kila siku. Kiswahili, Kiamhari, Kisomali, Kihausa, Kiarabu, Kihindi na lugha nyingine zote zilikuwa zinagawana ile 13.

Matokeo yake tuliyaona kwa Kiswahili chetu wenyewe. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 9, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliandaa matangazo 20 ya kulipia, 10 ya Kiingereza na 10 ya Kiswahili. Yote yalibeba maneno halisi ya chuki yaliyokwisha kusikika nchini: kabila kufananishwa na wanyama, wito wa kubaka, wa kuchinja, wa kukata vichwa. Yalipelekwa Facebook kwa njia ileile anayopitia muuza viatu anayetaka kutangaza mzigo mpya. Ya Kiswahili yalipita. Baadhi ya yale ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, kwa kosa la sarufi na la matusi. Yalipofanyiwa marekebisho madogo, nayo yakapita, na wito wa kuua ukiwa palepale. Watafiti waliyaondoa kabla hayajaonwa na mtu.

Ukiifikiri vizuri habari hiyo, utaona kwamba inaiondolea Meta utetezi wake mkuu. Kila ikilaumiwa, husema machapisho ni mengi mno, haiwezi kuyasoma yote kabla hayajatoka. Lakini haya hayakuwa machapisho ya bure. Yalikuwa matangazo, nayo hukaguliwa kabla ya kutoka, na ndiyo yanayoleta karibu mapato yote ya kampuni. Hapo ndipo mahali pamoja ambapo kampuni ina muda wa kusoma, ina sababu ya kusoma na inalipwa kusoma. Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya iliipa siku saba ijirekebishe. Mawaziri wakajitokeza haraka kusema Facebook haitafungwa, na kwa upande wangu naona walikuwa sahihi, kwa kuwa kufunga mtandao katikati ya uchaguzi ni adhabu kwa wananchi. Ila shinikizo lenyewe lilipoa palepale.

Kazi ya kusoma, kwa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ilikuwa inafanywa Nairobi tangu 2019, na kampuni iitwayo Sama kwa niaba ya Facebook. Jarida la TIME liliichunguza Februari 2022. Lilikuta vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika wakilipwa, wengine, kiasi cha dola 1.50 kwa saa, wakitarajiwa kuamua hatima ya video ndani ya sekunde 50 hivi. Katika sekunde hizo mchujaji anatazama mtu akichinjwa, mtoto akinajisiwa, au maiti za vita vya Tigray, Ethiopia, zikihesabiwa na wanaoshangilia, kisha anabonyeza kitufe na inayofuata inafunguka. Sisi tunaofungua Facebook asubuhi tukakuta harusi na matangazo ya mashamba tunakuta hivyo kwa sababu mtu fulani ametangulia kuyaona hayo mengine.

Motaung anadai alifutwa kazi kwa kuongoza jitihada za wenzake za kudai haki zao kazini. Januari 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi ya uchujaji, watu wapatao 260 wakapoteza ajira, na kazi ikahamia kampuni nyingine, Majorel. Waliokwenda mahakamani wanadai kwamba waliotoka Sama walizuiwa kuajiriwa huko. Mei 1, 2023, zaidi ya wachujaji 150 wa mitandao mbalimbali walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Na Desemba 2024 ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani na Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati ya wachujaji waliofungua kesi wana maradhi ya kiwewe, wengi wao kwa kiwango kikali. Hawa ni watu waliokuwa wazima walipoajiriwa, na wengi ni vijana.

Meta ilijibu nini mahakamani? Haikuanza kwa kusema wachujaji walitunzwa vizuri. Ilisema haijasajiliwa Kenya, haina makazi Kenya na haifanyi biashara Kenya, kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri akakataa hoja hiyo. Katika kesi ya wachujaji 184, Jaji Byram Ongaya alisema Juni 2023 kwamba, kwa hatua ile, Meta ndiyo iliyoonekana kuwa mwajiri mkuu. Meta ikakata rufaa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kesi zinaweza kuendelea Kenya.

Niseme wazi kwamba pingamizi la mamlaka ya mahakama ni haki ya kila mshtakiwa, na wakili yeyote mzuri angeliweka mezani. Tatizo ni namna linavyosikika kwa msikilizaji wa kawaida. Huyu ni mtu anayeona matangazo ya saluni ya mtaani kwake kwenye Instagram, anayejua kwamba saluni ile ililipia, na aliyeona picha za bosi mwenyewe akila mjini kwake. Mtu huyo akiambiwa kampuni haifanyi biashara Kenya, haulizi sheria inasemaje. Anaona amedharauliwa. Hata kama hoja ingeshinda kwenye karatasi, kwa jina la kampuni imeshaleta hasara ambayo ufadhili wa miaka kumi hautaifuta.

Dharau hiyo inazidi ukiangalia Marekani. Mei 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wachujaji wa huko, zaidi ya watu 11,000, waliolalamikia kiwewe kilekile kutokana na kazi ileile. Nao pia wengi walikuwa wameajiriwa kupitia wakandarasi. Huko Kenya hoja ya mkandarasi na hoja ya anwani zimepiganiwa hadi rufani.

Na haikuwa kwamba mlango wa suluhu haukufunguliwa. Agosti 2023 pande zote zilikubali kuzungumza nje ya mahakama, na mmoja wa wapatanishi alikuwa Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga, mtu anayeheshimika na wanaharakati na wafanyabiashara vilevile. Oktoba mazungumzo yakavunjika. Ningekuwa mshauri wa Meta wakati ule, ningewaambia wakurugenzi kwamba hakuna bajeti ya matangazo inayoweza kuwanunulia meza nyingine kama ile. Upande wa walalamikaji ulilalamika kwamba Meta haikuja na nia ya kulipa. Kwa vyovyote, nafasi ilipita.

Kesi ya Ethiopia ni nzito zaidi. Profesa Meareg Amare alifundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar. Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiwa vimepamba moto, machapisho ya Facebook yalitoa jina lake, picha yake na habari za alikofanyia kazi na alikoishi, pamoja na maneno ya kumchochea mtu amdhuru. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliiripotia Facebook akiomba yaondolewe. Novemba 3 wenye silaha walimpiga risasi profesa nje ya nyumba yake. Mwanawe anadai mahakamani kwamba sehemu ya machapisho hayo ilikuwa bado ipo hata baada ya mauaji. Yeye na Fisseha Tekle, aliyefanya kazi ya utafiti Amnesty International, pamoja na Taasisi ya Katiba, wanataka Meta iunde mfuko wa dola bilioni 1.6 kwa waathirika, ibadili mfumo wake wa kusambaza machapisho ya chuki, na iombe radhi rasmi. Kesi ilifunguliwa Nairobi kwa sababu machapisho ya Ethiopia yalikuwa yanachujwa Nairobi. Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza.

Mwaka 2024 Meta iliingiza dola bilioni 164.5 na kubaki na faida ya zaidi ya bilioni 62. Mfuko wote unaodaiwa ni sawa na faida ya siku kumi hivi. Sitaki kusema kampuni ilipe chochote inachodaiwa bila kusikilizwa. Nasema tu kwamba fedha si kikwazo.

Wala wanahisa si kikwazo. Wenzangu wengi hunijibu kwamba bosi wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa hawezi kutoa fedha kwa hiari, atashtakiwa na wawekezaji. Kwa Meta hoja hiyo haina nguvu. Kwa aina ya hisa anazomiliki, Zuckerberg peke yake anashika zaidi ya nusu ya kura zote. Akitaka kubadili msimamo wa kampuni yake Nairobi, hakuna mkutano wa wanahisa wa kumzuia. Ni wachache duniani wenye kampuni ya ukubwa ule wanaoweza kusema hivyo, na hilo linamfanya yeye mwenyewe, kwa jina, awe mwenye dhamana.

Basi afanye nini? Kwanza kabisa, aache kugombania mahakama ipi, aingie kwenye kiini. Aseme: tutajibu hapa, kwenye mahakama za Milimani, mbele ya majaji wa Kenya, kwa mambo yaliyofanyika Kenya. Kisha awarudishe wapatanishi mezani akiwa na kiasi mkononi, chenye matibabu ya wachujaji ndani yake, maana kiwewe hakisubiri hukumu na wengine hawana kazi tangu 2023. Kuomba radhi kwa familia ya Profesa Meareg kunaweza kuja kabla ya yote. Mawakili wataogopa radhi itachukuliwa kuwa kukiri kosa. Wako mawakili wanaojua kuandika radhi isiyo kukiri, na mjane hana haja ya sentensi ya kisheria ili ajue kama mtu amemsikitikia kweli.

Baada ya hapo, wachujaji waajiriwe na Meta yenyewe. Najua makampuni yote ya teknolojia hutumia wakandarasi, na sababu inajulikana: mkandarasi hupunguza gharama na hubeba lawama. Lakini kuchuja machapisho ndiyo kazi inayoufanya mtandao utumike. Bila wao, hakuna benki ingeweka tangazo lake pale. Kampuni haiwezi kuiita kazi hiyo ya pembeni. Ajira ya moja kwa moja, zamu fupi, mishahara ya kueleweka na daktari wa akili ambaye ripoti yake haiendi kwa msimamizi: hayo yangebadili mazungumzo ya Nairobi kuliko jengo jipya la kioo lenye nembo ya Meta.

Halafu kuna jambo la lugha, ambalo linaweza kufanyika bila hakimu wala mpatanishi. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inailazimisha mitandao mikubwa kutangaza ina wachujaji wangapi kwa kila lugha rasmi ya Umoja huo. Kwa hiyo Kimalta, lugha ya watu wapatao nusu milioni, kinatajwa kwenye taarifa za Meta pamoja na idadi ya wanaokisoma. Kiswahili kinasemwa kuanzia Lamu hadi Kisangani, na hakuna anayeweza kuuliza idadi hiyo akajibiwa, kwa sababu hakuna sheria inayodai. Hapa ndipo penye nafasi nzuri kabisa ya kulipa gharama isiyolazimishwa. Meta itangaze yenyewe, kila mwaka, wachujaji wa Kiswahili, Kiamhari, Kisomali na Kioromo ni wangapi, wako wapi, wanakagua matangazo mangapi. Idadi ikiwa ya aibu, itangazwe hivyohivyo, na mwaka unaofuata iongezeke. Badala ya kwenda huko, kampuni imekuwa ikijifunika: Agosti 2024 ilifunga CrowdTangle, zana ambayo wanahabari na wahakiki wa habari wa Afrika waliitumia kufuatilia uvumi unavyosambaa.

Nisije nikaonekana sioni mema. Mkongo wa baharini wa 2Africa, ambao Meta ni mmoja wa wenye mradi, una urefu wa kilomita 45,000 na unatua Mombasa na Dar es Salaam. Ni kazi kubwa, na kila anayepata intaneti ya bei nafuu zaidi kesho ataifaidi. WhatsApp imekuwa kaunta ya duka kwa maelfu ya wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo na Gikomba. Oktoba 4, 2021, huduma za kampuni zilipozimika kwa saa sita hivi, oda zao zilisimama.

Lakini hata hapo kuna pengo ambalo kila mfanyabiashara wa WhatsApp analijua. Tapeli akimrubuni muuza vitenge akamtajia ile namba ya siri ya tarakimu sita, akaunti inatekwa, na ndani ya dakika chache wateja wake wanaombwa watume hela kwenye namba isiyo yake. Mtandao wa simu ukimletea shida, anapiga 100, anazungumza na mtu kwa Kiswahili. Kwa Meta hana namba ya kupiga. Anajaza fomu, anasubiri, na wateja wanaendelea kuibiwa kwa jina lake. Kituo cha kupokea simu kwa Kiswahili, chenye watu Nairobi na Dar es Salaam wenye uwezo wa kufunga akaunti iliyotekwa ndani ya saa moja, kingegusa watu wengi kwa siku kuliko hotuba yoyote kuhusu kuunganisha dunia. Kingegharimu, na ndiyo maana kingeaminika.

Serikali zetu nazo ziache kuisaidia kampuni kukimbia. Mwishoni mwa 2024 Kenya ilizungumzia kubadili sheria ili makampuni ya nje yanayotoa kazi kwa wakandarasi wa ndani yasishtakiwe na wafanyakazi hao, na Rais William Ruto mwenyewe alilitetea wazo hilo hadharani, akitumaini kuvutia ajira. Nia ya ajira naielewa. Vijana ni wengi na kazi hazitoshi. Lakini ajira ambayo mtu akiugua hana wa kumdai itarudi kwetu kama mzigo wa wodi za akili, na kampuni iliyopewa kinga kama hiyo haina tena sababu ya kujirekebisha.

Wapo watu wenye nguvu ambao katika mjadala huu hawajasema kitu: watangazaji wetu wenyewe. Benki za Dar es Salaam, makampuni ya simu ya Kampala na Nairobi, viwanda vya bia na vya sabuni, wote wanailipa Meta kila mwezi. Kwenu nyinyi, wakurugenzi wa masoko mnaosoma safu hii, naomba jambo moja. Kabla ya kusaini bajeti ya mwaka ujao, iandikieni Meta barua muulize ni watu wangapi wanaosoma Kiswahili wanaokagua matangazo yanayotoka jirani na ya kwenu, na waliougua kwa kazi hiyo watalipwa lini. Mteja anayelipa hujibiwa. Wachujaji wa Nairobi wamekuwa wakiuliza tangu 2022.